Ubaridi u Nje, Joto Tumelifungia Ndani

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Homa Bay na Migori imebadilika sura. Maofisi yameongezeka, hoteli zimeongezeka, na nyumba za kuishi zenye vyumba vingi zimechipuka kando ya barabara kutoka Rongo hadi Isebania na kutoka Oyugis hadi Mbita. Pamoja na nyumba hizo limekuja swali ambalo zamani lilikuwa la watu wa Mombasa na la mabwana wa maofisi ya Nairobi: ni kiyoyozi gani kifaacho kwa nyumba ya mtu wa kawaida? Walimu kadhaa wameniuliza swali hili, na baadhi yao walikuwa tayari wamekwisha kujaza fomu za mkopo wa chama cha akiba. Kwa kuwa mkopo wa namna hiyo hukatwa katika mshahara kwa miezi mingi, na mwenye kukatwa ana karo ya kulipa, naona swali hilo lastahili kujibiwa hadharani, tena kwa hesabu.

Jibu langu nitalitoa mapema ili msomaji ajue tunakoelekea. Katika sehemu kubwa ya kaunti hizi mbili, joto linalotunyima usingizi si joto la nchi, ni joto la nyumba. Kwa hiyo atakaye ubaridi na aanze na paa, kisha dirisha, kisha feni. Kiyoyozi kije mwisho, tena kwa wale tu wenye haja nacho. Anayebadilisha utaratibu huo huwa anachota maji kwa pakacha.

Hebu tutazame hali ya nchi yenyewe. Homa Bay iko kusini mwa ikweta kwa takriban nusu digrii, ukingoni mwa Ghuba ya Winam. Watu huiita nchi ya joto, na mchana hapana wa kubisha, kwa maana kipimo hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi na mara nyingi hupita hapo. Lakini ziwa letu si bahari. Uso wake uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa ajili ya mwinuko huo usiku huwa na tabia nyingine kabisa. Kabla ya mapambazuko kipimo cha nje huweza kushuka hadi nyuzi 18 au chini ya hapo. Na katika mji wa Migori, ulio juu zaidi na mbali na maji, blanketi haikosi kazi.

Linganisha hali hiyo na miji ambayo kiyoyozi kimekuwa kama chakula. Mombasa, mwezi wa Machi, usiku wa manane hewa ya nje yenyewe hubaki kwenye nyuzi 24 au 25, nayo imejaa unyevu. Maskati, waishiko ndugu zetu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, katika miezi ya kiangazi usiku huweza kupita nyuzi 30. Huko mtu akifungua dirisha huliingiza joto ndani. Mashine kwao ni lazima, wala siwalaumu. Sisi hali yetu ni kinyume: saa tatu za usiku mtu wa Ndhiwa au wa Awendo hutoka nje akaketi uani kupunga hewa, kwa sababu nje kumepoa na ndani bado kunatokota. Ubaridi u nje. Joto tumelifungia ndani. Swali basi ni hili: ni nani aliyelifunga humo?

Mfungaji wa kwanza ni bati tupu. Jua la adhuhuri katika nchi za ikweta humimina nguvu ipatayo wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba. Chumba cha kulala chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3 kina paa la mita 12 za mraba. Juu yake basi huanguka wati 12,000 wakati wa jua kali. Si zote zinazoingia ndani. Nyingine hurudishwa angani na nyingine huchukuliwa na upepo. Hata hivyo bati lililochakaa na kushika kutu hufyonza sehemu kubwa ya nguvu hiyo, likapata moto kiasi cha kutogusika, kisha likaumwaga moto huo juu ya vichwa vya walio chini yake. Sasa tia hesabuni kiyoyozi kidogo cha nyumbani, kile kiitwacho cha BTU 9,000. Uwezo wake wote wa kuondoa joto ni kama wati 2,600. Mwenye kukifunga chini ya bati lisilo na dari amemwajiri mtu mmoja kuondoa mchanga ambao watu kadhaa wanaumwaga.

Wazee wetu hawakuwa na kipimajoto, lakini nyumba ya nyasi yenye kuta nene za udongo ililijua jambo hili. Nyasi hazipitishi joto upesi, na udongo hupokea joto la mchana polepole. Sisemi turudi kwenye nyasi. Moto, mchwa na uhaba wa nyasi zenyewe vimelimaliza shauri hilo. Wala sidai kwamba kila kazi ya kale ilikuwa ya kupambana na joto: kuta za mawe za Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, zilijengwa hasa kwa ajili ya usalama wa watu na mifugo. Ninachosema ni kwamba tulipotoka katika nyasi na kuingia katika mabati, tulichukua uimara tukaacha kinga. Bati lilikuja peke yake, bila dari.

Dari ndiyo mashine ya kwanza ya ubaridi ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuinunua. Iwe ya mbao, iwe ya jasi, au iwe ya mikeka ya mafunjo yanayoota kando ya ziwa, kazi yake ni moja: huacha nafasi ya hewa kati ya bati na kichwa cha mtu. Nafasi hiyo ikipewa matundu ya kutolea hewa ya moto, joto hutoka kabla halijashuka. Dari ya mikeka ina fadhila nyingine. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio katika eneo la umwagiliaji wa mpunga huku magharibi mwa Kenya, wakaonyesha kwamba nyumba zilizotiwa dari za mikeka ya mafunjo zilikuwa na mbu wachache wa malaria kuliko zisizokuwa nazo. Katika ukanda huu ambako malaria haijaondoka, mkeka mmoja unaopunguza joto na mbu kwa pamoja si jambo la kudharauliwa. Na anayepaka bati lake rangi nyeupe hurudisha angani sehemu kubwa ya jua hata kabla halijapata nafasi ya kuingia.

Mfungaji wa pili ni mwelekeo wa nyumba. Huku kwetu jua la mchana hupita juu ya vichwa mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini hukingwa vizuri na upenu mfupi tu. Ukuta wa mashariki na wa magharibi haukingiki hivyo, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri huja likiwa chini na kuupiga usoni. Ule wa magharibi ndio mbaya zaidi, maana hupigwa saa ambazo hewa yenyewe imekwisha kupata moto, kisha huihifadhi zawadi hiyo hadi wakati wa kulala. Nyumba ndefu iliyotandazwa kutoka mashariki hadi magharibi, yenye madirisha upande wa kaskazini na wa kusini, hupata nafuu bila gharama ya ziada. Katika mji wa Homa Bay ina bahati mbili, kwa kuwa ziwa liko kaskazini na upepo wa mchana hutoka majini kuja nchi kavu. Lakini mafundi wetu huielekeza nyumba barabarani, hata barabara iwe wapi. Aliyekwisha kujenga hawezi kuigeuza nyumba yake. Anaweza kupanda mwarobaini au mwembe upande wa magharibi, na baada ya miaka michache mti utafanya kazi bila kudai tokeni.

Mfungaji wa tatu ni dirisha lenyewe. Usiku ubaridi unabisha hodi, nasi tumefunga, na sababu zetu ni za haki: mbu, wezi, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka majini kama wingu la moshi. Dawa yake ni wavu wa mbu katika kila dirisha, vyuma imara nyuma ya wavu, na madirisha mawili katika kila chumba, moja la kuingiza hewa na moja la kuitoa. Dirisha moja peke yake ni kama mdomo bila pua. Mchana jua linapokuwa kali, fungeni na mshushe mapazia upande wa jua. Jua likishatua, fungueni. Utaratibu huo mdogo watu wengi huutenda kinyume chake.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye umeme. Feni haipoozi chumba. Humpooza mtu kwa kulikausha jasho lake, na ndiyo maana kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kuchoma fedha bure. Lakini hufanya kazi yake kwa wati 60 hivi. Ikizunguka saa 8 kila usiku kwa siku 30, hula yuniti zipatazo 14. Kiyoyozi cha BTU 9,000 hula kama wati 900 kompresa inapofanya kazi. Tuseme hupumzika nusu ya wakati, bado kwa saa zile zile kitakula yuniti 108 kwa mwezi. Tofauti hiyo ni ya mara saba na zaidi.

Hata hivyo hasara haiishii hapo, na hili wauzaji hawalisemi. Katika mpango wa bei za umeme uliotangazwa mwaka 2023, watumiaji wa nyumbani waligawanywa katika madaraja matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na waliozidi 100, na kadiri daraja lilivyopanda ndivyo bei ya kila yuniti ilivyopanda. Nyumba ya mwalimu iliyokuwa ikitumia yuniti 60, ikiongezewa 108, hufika 168 na kuhamia daraja la juu kabisa. Kutoka hapo hata ile taa ya sebuleni na ile pasi ya nguo hulipiwa kwa bei ya juu. Kabla ya kutia sahihi mkopo, mtu na asome bei zinazotumika wakati huo, apige hesabu ya nyumba nzima, si ya mashine peke yake.

Tena kuna suala la kutegemea. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, na huku kwetu kukatika kwa stima si habari ya kuandikwa gazetini. Chumba kilichojengwa kutegemea mashine pekee, chenye dirisha dogo lisilofunguka, umeme ukikatika hugeuka tanuri. Chumba chenye dari, wavu na feni ndogo ya kutumia nguvu za jua huendelea na maisha yake.

Msomaji mmoja atanena, “Mwandishi huyu anatuonea wivu. Wa Nairobi wapoe, sisi tupungwe na miti?” La, ndugu yangu. Kiyoyozi kina mahali pake, na wako wenye haki ya kukitumia: mgonjwa asiyestahimili joto, mzee aliyedhoofika, duka la dawa ambalo bidhaa zake huharibika, chumba cha kompyuta, na mpangaji wa ghorofani ambaye chumba chake kinatazama magharibi na hana mamlaka ya kugeuza paa wala kupanda mti. Kwao nina maneno machache.

Kwanza, pimeni chumba. BTU ni kipimo cha joto: kiasi kinachohitajika kuipandisha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Zile BTU 12,000 kwa saa ambazo mafundi huziita tani moja ni kumbukumbu ya zama za barafu, maana ndizo zinazoyeyusha tani moja ya barafu ya kipimo cha Kimarekani kwa siku nzima. Kwa makadirio, mita moja ya mraba huhitaji kama BTU 600. Kwa hiyo chumba chetu cha mita 12 za mraba chatosheka na mashine ya 9,000. Kununua kubwa ili ipooze upesi ni kosa: hupooza hewa kwa dakika chache ikazima kabla ya kuuondoa unyevu, na mtu akabaki na ubaridi wa chepechepe. Kuondoa unyevu ndiko kulikoizaa mashine hii. Mmarekani Willis Carrier alipoibuni mwaka 1902, aliibuni kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn ambako karatasi zilikuwa zikivimba.

Pili, chagueni aina. Ile ya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, yenye inveta inayopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, ndiyo hula umeme kidogo. Ile ya magurudumu yenye bomba la dirishani huvuta nje hewa iliyokwisha kupoozwa na kuacha ya moto iingie kwa nyufa. Ile ya kupooza kwa maji hufaa nchi kavu kama Lodwar kuliko ukingo wa ziwa ambako hewa tayari imebeba maji. Tatu, tazameni lebo ya nyota: kanuni za Kenya za mwaka 2016 zilitaka viyoyozi viwe nayo, na nyota zikiwa nyingi matumizi huwa machache. Nne, ulizeni gesi. Mashine kuukuu za mitumba nyingi zina R22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 umeiweka katika safari ya kuondolewa. Anayeinunua leo kesho atakosa gesi ya kuijaza. R410A haili ozoni, lakini huchangia sana kuipasha dunia moto, na ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 kukubaliana kupunguza gesi za jamii yake. R32 ina madhara madogo kuliko hiyo. Tano, mashine ipewe waya wake peke yake, waya wa ardhi, na kidhibiti cha volteji. Na ikiwekwa kwenye nyuzi 25, itatosha. Kuiweka 18 ni kulipa fedha ili ujifunike blanketi.

Nimeanza na nyumba za walimu, lakini fikira zangu ziko darasani. Watoto wetu wengi husoma chini ya mabati yasiyo na dari, na saa nane za mchana ndipo tunapotaka wafahamu hisabati. Mwaka 2020 wataalamu wa uchumi wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mamilioni ya wanafunzi wa huko, wakaona kwamba mwaka wa masomo ukizidi kwa joto la nyuzi moja ya Farenhaiti, mafunzo ya mwaka huo hupungua kwa kama asilimia 1 katika shule zisizo na ubaridi. Marekani si Kabondo wala Kuria, na sitaki kuihamisha tarakimu hiyo ilivyo. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kusomesha somo la alasiri huku ziwani anaijua maana yake bila kuambiwa. Na hakuna atakayekuja kufunga viyoyozi katika shule zetu zote. Dari inawezekana. Dari hiyo hiyo hupunguza pia kishindo cha mvua juu ya bati, kile kinachomlazimisha mwalimu kunyamaza na kuandika ubaoni hadi mvua ipite. Ni kifaa kimoja chenye kutibu maradhi mawili.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa serikali za kaunti zetu mbili. Ninyi ndinyi mnaoidhinisha ramani za majengo. Ulizeni, kabla ya kupiga mhuri, nyumba inatazama wapi na kama ina dari na madirisha ya kupitisha upepo. Madarasa ya chekechea yako mikononi mwenu kwa mujibu wa Katiba. Basi anzeni nayo, darasa lolote jipya la watoto hao lisikabidhiwe likiwa na bati tupu.

La pili ni kwa walimu na wanafunzi. Msiniamini kwa maneno. Twaeni vipimajoto vitatu, kimoja mkitundike kivulini nje, kingine katika chumba chenye dari, cha tatu katika chumba kisicho nayo. Andikeni kipimo saa mbili asubuhi, saa sita, saa tisa na, katika shule za bweni, saa tatu usiku, kwa majuma mawili. Chorani grafu. Kisha ipelekeni katika mkutano wa wazazi na katika ofisi ya diwani wenu. Ombi lenye tarakimu za watoto wenyewe ni vigumu kulitupa kapuni. Na huenda grafu hiyo ikamwonyesha mwalimu wenu, kabla hajachukua mkopo, kwamba fedha zile zingemtosha kwa dari, nyavu na feni, na bado akabakiwa na karo.